Akiba Inayooza Benchini

Tarehe 11 Septemba 2010, mjini Columbia katika jimbo la South Carolina, kijana wa miaka 18 aitwaye Marcus Lattimore alikabidhiwa mpira mara 37 katika mechi moja. Ilikuwa mechi yake ya pili tu tangu aanze chuo. Alikimbia jumla ya yadi 182, akafunga mara mbili, na Chuo Kikuu cha South Carolina kikaishinda Georgia 17-6. Kwa mashabiki waliosubiri miaka mingi kuona timu yao ikiheshimika, ilikuwa kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Hakuna aliyetaka kuuliza swali la kuudhi siku ya sherehe: kwa nini mtoto wa mwaka wa kwanza abebe mpira mara 37?

Kwa msomaji asiyeufuata mpira wa Marekani, ule wa helmeti na mabega ya bandia, niieleze kazi yenyewe. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi, sawa na mita tisa hivi. Njia moja ni kurusha mpira mbele. Njia nyingine ni kumpa mbeba mpira, mtu anayesimama nyuma ya ukuta wa wenzake wanene, auchukue na kupenya katikati ya watu. Kila anapopenya, kazi ya wapinzani kumi na mmoja ni kumwangusha chini kwa nguvu. Wengine wana uzito unaozidi kilo 130. Hakuna namna ya upole ya kumwangusha mtu anayekimbia kwa kasi ile. Kwa hiyo kubeba mpira mara 37 kuna maana ya kugongwa na kubwagwa chini karibu mara 37, ndani ya jioni moja, kisha kurudi darasani Jumatatu.

Miezi miwili baadaye South Carolina ilisafiri hadi Florida kucheza mechi ambayo mshindi wake angetwaa ubingwa wa upande wa mashariki wa SEC, umoja wa vyuo vya kusini-mashariki ambao kwa mpira huu ni kama ligi yenye hadhi kuliko zote. South Carolina haikuwahi kuupata ubingwa huo. Kocha Steve Spurrier, aliyekuwa nyota wa Florida enzi za ujana wake na mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ya mwaka 1966, alirudi nyumbani kwake na mpango mfupi: mpe Marcus. Safari hii alipewa mara 40. Yadi 212, tachidauni tatu, yaani mara tatu za kufikisha mpira mwisho wa uwanja, na ushindi wa 36-14. Ubingwa ukaja.

Hapo ndipo mtego ulipofungwa, na ulifungwa kwa furaha. Kocha aliyeona mkakati ukimpa ubingwa hauachi kwa sababu ya hofu ya jambo ambalo halijatokea. Benchini alikuwepo Kenny Miles, aliyeongoza timu kwa kukimbia mwaka uliotangulia. Hakuwa mbovu. Kosa lake lilikuwa kutokuwa Lattimore. Msimu ule Lattimore alibeba mpira mara 249 kwa yadi 1,197, akafunga tachidauni 17 kwa kukimbia.

Mwaka 2011 mambo yakaendelea palepale. Dhidi ya Navy, timu ambayo South Carolina ilitarajiwa kuishinda bila kutoa jasho, mchezo ulibana, na Lattimore akapewa tena mara 37. Alikimbia yadi 246 na timu yake ikaponea 24-21. Hadi mechi ya saba inamalizika alikuwa amebeba mara 163. Mechi hiyo ya saba ilichezwa Oktoba 15 ugenini, Starkville, dhidi ya Mississippi State. Katika robo ya nne goti lake la kushoto likachanika kano. Hakuwa hata na mpira mkononi. Alikuwa akimzuia mpinzani ili mwenzake apite.

Ni lazima nisimame hapa, maana msomaji makini ameshaona tatizo. Kama aliumia bila mpira, mizigo ile 37 na 40 inahusikaje? Haki itendeke: hakuna daktari anayeweza kusimama na kusema goti la Oktoba 2011 lilivunjwa na mechi ya Septemba 2010. Mtu anaweza kuumia katika mbio zake za kwanza maishani, na mwingine akabeba mara mia nne asipate hata mchubuko. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, na nadhani hakina ubishi: kila dakika uwanjani ni bahati nasibu, na mtu ambaye hapumzishwi ananunua tiketi nyingi kuliko wenzake. Lattimore aliachwa uwanjani kwa sababu alikuwa bora hata katika kuzuia.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niichague hadithi hii miongoni mwa nyingi. Timu haikuanguka. Kijana mwingine wa mwaka wa kwanza, Brandon Wilds, aliyekuwa karibu hajulikani, aliingia na mwisho wa mwezi uleule akavuka yadi 100 huko Tennessee katika ushindi wa 14-3. South Carolina ikamaliza msimu na ushindi 11, idadi ambayo chuo hicho hakikuwahi kuifikia katika historia yake yote. Yaani akiba ilikuwepo. Ilikuwa inakaa pale pale, imevaa jezi, inakunywa maji, wakati mtu mmoja akibeba mara 37 dhidi ya Navy.

Ungedhani basi funzo limeshapatikana. Lattimore alijifua, akarudi mwaka 2012, na mara akawa tena mtu wa kwanza. Tarehe 27 Oktoba, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 21, South Carolina ikicheza nyumbani dhidi ya Tennessee, alipenya, akagongwa, na safari hii goti la kulia likateguka kabisa, likatoka mahali pake. Waliokuwa uwanjani waliona mguu umeelekea kusikostahili. Wachezaji wa timu zote mbili wakaingia uwanjani wakamzunguka. Wapinzani waliokuja kumwangusha walisimama wakimwombea. Kano kadhaa zilikatika kwa mpigo mmoja, na mshipa wa fahamu ukaumia. Mechi iliendelea, South Carolina ikashinda 38-35.

Aprili 2013, San Francisco 49ers ya ligi ya kulipwa, NFL, ilimchagua katika raundi ya nne ya zamu za kuchagua wachezaji wa vyuo, chaguo la 131. Kabla ya kuumia alikuwa akitajwa miongoni mwa wabeba mpira bora nchini, na tofauti ya fedha kati ya raundi ya kwanza na ya nne ni tofauti ya mamilioni ya dola. Walimsubiri apone. Novemba 2014, akiwa na miaka 23, alitangaza kustaafu. Hakuwahi kucheza mechi hata moja ya NFL. Alama zake chuoni ni mara 555 za kubeba mpira, yadi 2,677 na tachidauni 38 za kukimbia.

Na timu? Mwaka 2012 ikashinda tena mechi 11. Mwaka 2013 ikashinda 11 kwa mara ya tatu mfululizo, mbeba mpira wake mkuu akiwa Mike Davis, aliyekimbia yadi 1,183. Davis huyo alichaguliwa mwaka 2015 na timu ileile, San Francisco, katika raundi ileile ya nne, chaguo la 126, akacheza NFL hadi mwaka 2022. Mwaka ule Lattimore alipoteguka goti, Davis alikuwa kwenye kikosi, mwaka wa kwanza, akisubiri.

Makocha hupenda kuzungumzia kina cha kikosi kama kinga ya timu: nyota akiumia, nani anaingia? Ni swali la halali, lakini ni nusu ya swali. South Carolina ilikuwa na kinga hiyo, ikaitumia mara mbili, na mara zote mbili timu ikatoka salama. Aliyelipa ni mtu mmoja. Akiba iliyosubiri hadi mwenye zamu ya kwanza aanguke iliwafaa wote isipokuwa yeye. Laiti Miles, Wilds na Davis wangepewa theluthi ya kazi wakati Lattimore bado ana magoti mawili, labda angeumia vilevile. Labda. Lakini wangemwondolea makumi ya tiketi zile za bahati nasibu, na kanuni zilizokuwepo zilizidisha uzito wa jambo hilo. NFL haimruhusu mchezaji kuingia kabla ya kupita miaka mitatu tangu amalize sekondari, na vyuo vya wakati ule havikuruhusiwa kumlipa zaidi ya ufadhili wa masomo. Kijana alikuwa akitumia mwili wake miaka mitatu kabla ya kuuza jasho lake kwa mara ya kwanza. Ukimkabidhi mtu wa namna hiyo mpira mara 40, unatumia mtaji usio wako.

Tuvuke mpaka twende jimbo jirani la Georgia, maana huko hadithi imejirudia mara nyingi mpaka mtu angeweza kudhani wanaifanyia mazoezi.

Chuo Kikuu cha Georgia kina ugonjwa wake wa kurithi, nao unaitwa Herschel Walker. Tarehe 1 Januari 1981, katika mechi ya Sugar Bowl ya kuwania ubingwa wa taifa dhidi ya Notre Dame, bega la Walker lilitoka mahali pake mapema kabisa. Likarudishwa. Akarudi uwanjani, akabeba mara 36, akakimbia yadi 150, Georgia ikashinda 17-10. Mwaka uliofuata alibeba mara 385. Katika miaka mitatu ya chuo alibeba mara 994, kisha akacheza mpira wa kulipwa kwa miaka mingi. Ni hadithi tamu, na utamu wake ndio sumu. Kila kocha wa kusini amekua akiisikia, na kila kijana anayekaa nje kwa sababu ya bega huulizwa kimoyomoyo kwa nini yeye si Herschel. Hakuna anayesimulia habari za wale waliorudi uwanjani na bega bovu wakaishia hapo, kwa sababu hawakubaki maarufu.

Mwaka 2012 Georgia ilipata bahati ya wabeba mpira wawili wa mwaka wa kwanza kwa pamoja, Todd Gurley na Keith Marshall. Walihitajika haraka, kwa kuwa Isaiah Crowell, aliyekuwa mtu wa kwanza mwaka uliotangulia, alikuwa ameondolewa kwenye timu mwezi Juni. Wale wawili waligawana kazi: Gurley akapata yadi 1,385, Marshall 759. Timu ikafika hatua ya mwisho ya SEC ikapoteza kwa Alabama 32-28. Nadhani ulikuwa mgao mzuri kuliko wote walioupata kwa miaka mitano iliyofuata, na walikuwa wameupata kwa bahati, bila kuupanga.

Msimu wa 2013 ulipofika, Gurley akaumia kifundo cha mguu mwishoni mwa Septemba. Wiki moja baadaye, Oktoba 5, kule Knoxville dhidi ya Tennessee, Marshall akachanika kano za goti. Siku hiyohiyo na katika uwanja huohuo Georgia ilipoteza wachezaji wengine wawili, wapokeaji wa mpira unaorushwa, kwa magoti. Walishinda 34-31 katika muda wa nyongeza, wakarudi nyumbani na hospitali nzima. Marshall hakuipata tena nafasi aliyokuwa nayo.

Mwaka 2014 pigo lilitoka upande ambao hakuna mtaalamu wa viungo angeweza kulizuia. Oktoba 9 Gurley alisimamishwa. Alikuwa ametia saini picha na vifaa vya mashabiki akalipwa zaidi ya dola 3,000 kwa muda wa miaka miwili, jambo ambalo kanuni za wakati ule zilikataza. Adhabu ikawa mechi nne. Tangu Julai 2021 kanuni hiyo imelegezwa, na leo kijana wa hadhi yake angetia saini mchana kweupe na kulipwa mara nyingi zaidi, lakini hilo halikumsaidia Gurley. Kocha anayehesabu watu wake kwa majeraha peke yake amesahau sababu nyingine za mchezaji kukosekana: adhabu, alama za darasani, ugomvi, msiba wa nyumbani.

Siku mbili baada ya Gurley kusimamishwa, Nick Chubb wa mwaka wa kwanza alibeba mpira mara 38 huko Missouri, Georgia ikashinda 34-0. Mara thelathini na nane, kwa kijana ambaye Jumatano alikuwa msaidizi! Wiki iliyofuata alipata yadi 202 dhidi ya Arkansas. Kufikia mwisho wa msimu alikuwa na 1,547. Georgia ilikuwa imegundua nyota mwingine, na kama kawaida ikafanya kile kile ilichokuwa imefanya na nyota aliyetangulia.

Gurley alirudi Novemba 15 dhidi ya Auburn. Chubb alikuwa mzima na moto. Gurley, aliyekaa nje zaidi ya mwezi, alipewa mara 29 katika mechi yake ya kwanza, na katika robo ya nne, mchezo ukiwa umeshaelemea upande wa Georgia, goti lake la kushoto likachanika kano. Matokeo ya mwisho yalikuwa 34-7. Naurudia mfano huu kila ninapoongea na vijana wanaofundisha timu za mtaani, za mchezo wowote ule: angalia tofauti ya mabao, kisha angalia nani bado yuko uwanjani. Kama mtu usiyeweza kumpoteza bado anacheza mechi uliyokwisha kushinda, sababu yake ipo kwako wewe, haipo kwenye mchezo.

Mwaka 2015 ikawa zamu ya Chubb. Alikuwa amevuka yadi 100 mechi kumi na tatu mfululizo, akifikia rekodi ya Walker mwenyewe. Tarehe 10 Oktoba, Knoxville tena, katika jaribio la kwanza kabisa la Georgia siku hiyo, goti lake la kushoto likaharibika vibaya. Sony Michel aliingia, akakimbia vizuri, lakini timu iliyokuwa ikiongoza 24-3 ilipoteza 38-31.

Kocha Mark Richt aliondoka mwisho wa msimu huo, akaja Kirby Smart. Kilichobadilika hakikuja kwa siku moja, na sidai kwamba Smart alikuwa na hekima ya pekee. Alikuwa na watu. Baada ya msimu wa 2016 Chubb na Michel wote wawili wangeweza kwenda NFL. Waliamua kubaki mwaka wa mwisho, na kijana D'Andre Swift akaongezwa. Mwaka 2017 Chubb alibeba mara 223, Michel 156, Swift 81. Linganisha na zile 385 za Walker. Chubb akapata yadi 1,345, Michel 1,227, Swift 618. Hakuna aliyepungukiwa jina kwa kugawana. Tarehe 1 Januari 2018, katika mechi ya Rose Bowl dhidi ya Oklahoma, Chubb alipata yadi 145 na Michel 181, na katika nyongeza ya pili Michel akakimbia yadi 27 hadi mwisho, Georgia ikashinda 54-48. Miguu yao ilikuwa bado hai saa ambayo walinzi wa Oklahoma walikuwa hoi. Hilo ni faida ya mgao isiyoonekana kwenye takwimu za Septemba.

Miezi minne baadaye Michel alichaguliwa wa 31 na Chubb wa 35. Februari 2019, Super Bowl, fainali ya NFL, ilichezwa Atlanta, mwendo wa saa moja na ushee kutoka chuoni kwao. Michel alikimbia yadi 94 akiwa na New England na kufunga tachidauni pekee ya mchezo. Upande wa pili, Los Angeles Rams, alikuwa Todd Gurley mwenye goti lake bovu, aliyebeba mara kumi tu. Baada ya msimu wa 2020, akiwa na miaka 26, Gurley hakucheza tena.

Nisipotoshe. Mgao haukuwapa Chubb na Michel magoti ya chuma. Michel alistaafu mapema, mwaka 2023, na mwezi Septemba mwaka huohuo goti lilelile la kushoto la Chubb liliharibika tena, safari hii Pittsburgh akiwa na Cleveland Browns. Timu yake ilikuwa imemwacha Kareem Hunt, msaidizi wake wa miaka kadhaa, aondoke mkataba ulipokwisha. Baada ya Chubb kuanguka wakampigia simu Hunt wiki ileile arudi.

Wahenga walituambia akiba haiozi. Nafaka ya ghalani, labda. Mchezaji wa akiba huoza, tena haraka. Asipopewa mpira, miguu husahau, ukuta wa mbele hauzoei mwendo wake, na yeye mwenyewe huanza kuamini kwamba hafai. Zamani vyuo vya Marekani vilikuwa na dawa ya uongo ya tatizo hili: mchezaji akihama chuo alilazimika kukaa nje mwaka mzima, kwa hiyo wengi walivumilia benchi. Barry Sanders alikaa nyuma ya Thurman Thomas pale Oklahoma State misimu miwili, 1986 na 1987. Thomas alipoondoka, Sanders akakimbia yadi 2,628 katika mechi 11 za mwaka 1988, idadi ambayo hadi leo inafanya watu wasugue macho. Makocha wa siku zile waliweza kumweka mtu kama huyo stoo miaka miwili na kumkuta palepale.

Siku hizi haiwezekani. Tangu mwaka 2021 mchezaji anayehama kwa mara ya kwanza anacheza mara moja, na kuanzia 2024 hata anayehama tena na tena. Ongeza fedha za matangazo zinazoruhusiwa sasa, utaona kwamba msaidizi asiyeguswa na mpira mwezi Oktoba atakuwa chuo kingine ifikapo Januari. Kwa hiyo kocha anayesema ana wabeba mpira wanne wazuri, huku mmoja akifanya kazi yote, anahesabu watu ambao wameshaanza kufungasha mizigo.

Kumekuja pia utaratibu wa kutangaza nani anapatikana na nani hapatikani. Mahakama Kuu ya Marekani ilifungua mlango wa kamari za michezo mwezi Mei 2018, na vyuo vikaona hatari ya watu kununua siri za majeruhi kutoka kwa wanafunzi. SEC ilianza mwaka 2024: orodha ya kwanza Jumatano, kisha kila siku hadi dakika 90 kabla ya mechi, kila jina likiwa na hali yake, kuanzia anayetarajiwa kucheza hadi asiyecheza kabisa. Ni jambo jema kwa uwazi. Ila orodha hiyo huzungumza na mcheza kamari. Haina safu inayosema huyu wa kwanza amebeba mara ngapi mwezi huu, wala huyu wa tatu amekaa wiki ngapi bila kugusa mpira, na hizo mbili ndizo ningependa kuziona kama ningekuwa mzazi.

Wachezaji wenyewe wameanza kulinda miili yao, kwa gharama ya kutukanwa. Desemba 2016 Christian McCaffrey wa Stanford na Leonard Fournette wa LSU walitangaza hawatacheza mechi za mwisho wa msimu ili wasiumie kabla ya kwenda NFL. Waliitwa wasaliti. Nafasi ya McCaffrey ilichukuliwa na Bryce Love, na mwaka 2017 Love akakimbia yadi 2,118, akawa wa pili katika kura za Heisman. Angeweza kuondoka pale pale. Alirudi mwaka 2018 kumaliza masomo, uamuzi ambao sitaulaumu hata kidogo. Mechi yao dhidi ya California iliahirishwa Novemba kwa sababu ya moshi wa moto wa misituni, ikachezwa Desemba 1, na humo akachanika kano za goti. Washington ikamchagua raundi ya nne mwaka 2019. Naye hakuwahi kucheza mechi ya msimu wa NFL.

Anayetaka kuona jinsi vyuo vinavyojifunza polepole aangalie Ohio State ya 2024. TreVeyon Henderson, aliyekuwa hapo tangu 2021 na ambaye majeraha yalikuwa yamemkatizia misimu miwili, aliamua kubaki mwaka wa nne. Quinshon Judkins alihamia kutoka Ole Miss, alikokuwa amebeba mara 274 mwaka wake wa kwanza na 271 mwaka wa pili. Kila mmoja angeweza kudai jukwaa lote. Judkins akabeba 194, Henderson 144, wote wakavuka yadi elfu moja, na Januari 20, 2025 wakatwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Notre Dame 34-23. NFL ilipochagua wachezaji mwezi Aprili, Judkins alikwenda Cleveland kama chaguo la 36, na Henderson akaenda New England kama la 38.